Karatasi Niliyomsomea Zena

Mwanangu Mwanaidi,

Waandishi wa barua wa huku kwetu hula nusu ya ukurasa kwa salamu, wakamaliza wino kabla hawajasema lililowaleta. Mimi nina karatasi nne tu. Zilikuwa saba tangu kabla ya vita, tatu nilizitumia vibaya, na habari zake utazisoma humu. Salamu utazipata kesho kutoka mdomoni mwangu, bure.

Nakuandikia mchana, alasiri haijaadhiniwa. Wewe uko uani kwa shangazi yako unasingwa, na vicheko vyenu navisikia hadi hapa. Sitakwambia namna ya kupika wala ya kukaa na watu. Ya jikoni shangazi yako kakufunza, ya chumbani somo yako kakufunza, na ya mama mkwe hayafundishiki. Huko Chole unakoolewa utajionea mwenyewe.

Utauliza kwa nini sikukuita nikakwambia tu. Kwa sababu mimi nikisema, napamba. Unanijua. Nikienda kuchota maji nikarudi, nina kisa. Nikikwambia jambo hili kwa mdomo, kabla sijafika katikati nitakuwa nimeshajipaka mafuta nikang'aa. Kwenye karatasi uongo wangu nauona kwa macho, naona haya, naacha.

Basi nianzie mbali kidogo, nivumilie.

Babu yako alikuwa mwalimu wa chuo na mnakili wa vitabu. Watu walimletea kitabu, naye akakaa nacho mwezi mzima na kalamu yake ya mwanzi, akatoa kingine kama kile. Mara nyingi alinakili viwili, kimoja cha mwenyewe na kimoja chake, akakitia katika sanduku la mvule. Nilipojua alifu na be nikalivamia lile sanduku. Vya dini viliwekwa juu, hadithi chini kabisa, na mkono wangu ulijifunza kupita juu na kwenda chini bila kutazama. Mungu anisamehe.

Nilikuwa na miaka kumi hivi aliponipeleka bondeni kukaa katika dungu, nilinde mpunga. Dungu wewe unalijua, umelilia humo mara ngapi kwa mbu. Nikapanda na kitabu nimekificha ndani ya nguo. Ilikuwa hadithi ya mtu aliyeingia nyumba yenye milango saba, akakatazwa kufungua mmoja. Nilisoma tangu jua linachomoza. Ndege walishuka wakala, wakaitana, wakala tena. Nilikuwa nawasikia, wallahi, lakini nilidhani ni ndege wa kwenye hadithi. Babu yako alipokuja adhuhuri akakuta kipande kizima cha shamba kimebaki makapi. Hakunipiga. Alipanda ngazi, akakaa karibu yangu akiwa amechoka, akaniuliza, “Umefika mlango wa ngapi?” Nikamwambia wa sita. Akasema, “Haya, maliza, maana huo wa saba ndio tutakaokula mwaka huu.”

Siku ile ndipo nilipojua kuwa baba yangu naye ni mgonjwa wa ugonjwa ule ule. Nimekurithisha wewe, na sikuombi radhi. Kusoma hadithi ndiyo raha pekee niliyopata ambayo haikunidai nipendeze. Kitabu hakikuulizi umezaa wangapi. Unakifungua ukiwa na majivu kichwani, nacho kinakukaribisha vile vile. Hadithi ya ile milango nimeisoma labda mara ishirini, na kila mara natumaini safari hii yule mjinga hataufungua ule wa mwisho. Anaufungua. Nami nakasirika upya kana kwamba ni ndugu yangu.

Nina tabia moja sijapata kumwambia mtu. Ninaposoma, mimi humtafuta mtu mdogo. Mwana wa mfalme watu wote wanamtazama, hana haja na mimi. Mimi namtazama bibi kizee anayemfungulia lango, akasema neno moja, hasikiki tena. Alirudi kulala? Alikuwa na mgonjwa ndani? Hakuna aliyemuuliza. Nimekaa siku nzima nikipura mpunga nikimtungia habari zake. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza kumea, ingawa wakati huo sikuliona kuwa kosa.

Unakumbuka baraza yetu ya ukili. Wanawake wanakaa kusuka, mimi nasoma, nao wanasuka fungu langu pamoja na mafungu yao, kwa kuwa mikono yangu ina kitabu. Ndiyo desturi yetu, ya msomaji husukwa na wasikilizaji. Mikeka yote uliyolalia humu ndani imesukwa na hadithi. Siku moja niliwasomea kisa cha binti aliyemngoja mchumba wake kisimani mpaka akafa kwa kungoja. Wakalia. Mmoja akaweka ukili chini akasema, “Kama ni kulia, nina ya kwangu nyumbani.” Nikaona haya. Wiki ya pili nikarudia kisa kile, nilipofika mwishoni nikafumba jicho moja nikamfufua binti. Kitabuni hakuna. Nikamleta mchumba na ngamia, nikawaoza. Vigelegele vilipigwa, na fungu langu likasukwa refu kuliko siku zote. Tangu hapo nikawa nabadilisha miisho. Nikiona nyuso zimechoka, hafi mtu.

Sasa nikwambie habari za Zena.

Kwako wewe Zena ni mama mdogo, umelelewa nusu kwake. Kwangu ni shoga yangu tangu tukiwa wari. Hakujaliwa mtoto, hakujaliwa kusoma, na aliolewa na Athumani, mtu mwema aliyekuwa bahili wa maneno. Mtu alimuuliza habari za safari ya siku nne, yeye akajibu, “Nimefika.” Vita vilipoanza, Athumani alikuwa Umatumbini kwa wajomba zake. Kule akanywa dawa pamoja nao, ile iliyosemwa kuwa itageuza risasi za Wadachi kuwa maji. Zena hakuwa na habari yoyote. Akawa anakuja barazani kila siku, anasuka hasemi.

Mchuuzi mmoja akaleta karatasi. Wewe ulikuwepo, ulikuwa ukichambua miyaa ya kusukia. Zena aliipokea, akaja nayo mbio kwangu, wanawake wote wakaacha kusuka. Nikaikunjua. Mimi husoma kimya kwanza mistari miwili mitatu ili nijue sauti ya kutumia. Iliandikwa na mwenzake Athumani aliyesoma chuo. Athumani kafa kwa risasi siku ya Jumanne. Tumemzika wenyewe, kwa sanda ya nguo zetu. Mwambieni mkewe akae eda, na asomewe hitima.

“Kasemaje?” Zena akauliza. “Soma basi, shoga, unatutesa.”

Nikainua macho. Alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa kuiona karatasi tu. Na wale wote walinitazama kama walivyozoea kunitazama, wakingoja mwisho mwema. Kinywa changu kikafunguka.

“Anakusalimu sana,” nikasema. “Yu mzima. Anasema umngoje, atarudi wakati wa mavuno.”

Vigelegele vikapigwa, mwanangu. Navisikia mpaka leo.

Nilijiambia nitamwita baada ya siku tatu, tukiwa wawili, nimwambie taratibu. Siku tatu zikawa saba. Kisha askari wakaja wakichoma nyumba na maghala, sote tukakimbilia kwenye mikoko huko deltani. Watu walibeba vyungu, chumvi, mbegu. Mimi nilibeba kitabu cha hadithi, wewe nikakushika mkono, na chumvi nikaisahau, jambo ambalo shangazi yako hajanisamehe. Zena hakutaka kutoka. “Mume wangu kasema nimngoje,” alishikilia, “akija akakuta hapana mtu?” Nilimvuta kwa mkono. Na hata kule alitoroka mara mbili kurudi kutazama jivu la nyumba yake, asije akampita njiani. Mara ya pili alikutana na askari akajitosa kwenye matope mpaka shingoni, akakaa humo tangu asubuhi hadi walipoondoka. Alirudi anatetemeka, akaniuliza kama mavuno yamekaribia.

Mavuno gani? Njaa ile uliiona mwenyewe. Tulikula ndiga, ile mizizi ya porini tuliyoiloweka siku tatu kuitoa sumu, na bado tulitapika. Zena alikuwa na kibuyu cha mpunga, vibaba viwili hivi, hakugusa. Alisema, “Hiki cha Athumani. Hatakuja nyumbani kwake akala ndiga.” Alikonda hata pete yake ikawa inamtoka kidoleni, na mpunga anao. Mimi ninayejua nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake, na sikusema. Kisha wewe ukashikwa na homa, ukawa hunyanyui kichwa. Alikuja Zena bila kuitwa, akakifungua kile kibuyu, akatwanga, akakupikia uji. Alipokuwa anakoroga alikuwa analia. Nikamuuliza analilia nini. Akasema, “Namwibia mume wangu. Lakini atanisamehe, anampenda mtoto huyu.”

Hapo ningesema. Mtu yeyote angesema. Mimi nikasema, “Atakusamehe.”

Tuliporudi na kujenga upya, akaniletea karatasi yake mwenyewe, akanitaka nimwandikie barua mumewe. Nikaandika kila neno alilosema, maana la mtu aliye hai sikuwa na ujasiri wa kulibadilisha. Barua niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu. Angetumiwa nani? Akangoja majibu. Akasubiri mwezi, akaanza kuharibika uso. Basi nikachukua karatasi katika zile saba, nikaandika jibu mwenyewe, nikadai limeletwa na mchuuzi wa chumvi aliyepitia Nyamwage. Baadaye nikaandika la pili, na la tatu.

Nikwambie lililo baya zaidi. Nilifurahi kuyaandika. Nimesoma maisha yangu yote nikitamani kumjua yule anayefungua lango, na sasa nilikuwa na mtu mzima wa kumtunga. Nilimpa Athumani masihara. Nilimpa kuikumbuka harufu ya wali mpya wa mkewe, na kuogopa ngurumo, na wimbo wa kuimba akiwa njiani. Athumani aliyekuwa hai hakuimba hata akiwa peke yake. Zena akawa anasikiliza amefumba macho, kisha akasema, “Vita vimemfundisha maneno!” Akampenda mume wangu wa karatasi kuliko alivyompenda wake. Alipotokea mtu mwema wa Mtunda akitaka kumposa, kwa kuwa watu walishaona kuwa Athumani hatarudi, Zena aliwafukuza wajumbe. “Mimi mke wa mtu,” akasema, “na barua ninazo.”

Mwanaidi, mimi nilikaa eda ya baba yako. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna kutoka, hakuna kujipamba. Mwanzo nilidhani nitakufa kwa kuta zile nne. Baadaye nikaona kuwa kuta zile ndizo zilizonishika nisianguke. Kila siku alikuwa amekufa kidogo zaidi, na mimi nimekuwa hai kidogo zaidi, hata siku ya kutoka nikatoka mzima. Kitu hicho kilichoniponya mimi, nilimnyima shoga yangu. Na mumewe yuko ardhini karibu mwaka wa pili bila hitima, ilhali wanawake wanapiga vigelegele juu yake.

Wewe ulijua. Siku niliposoma lile jibu la tatu ulikuwa nyuma ya bega langu. Mwandiko ule ndio niliokufundishia, ungekosaje kuujua? Uliinuka ukachukua mtungi ukaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Nilikutazama ukiyamwaga nje ya ua ili upate sababu ya kwenda. Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona mbele ya mtu mzima.

Juzi ukaniuliza, huku unakunja nguo zako, kana kwamba ni jambo dogo: “Mama, kule Chole nasikia hakuna mwanamke anayesoma. Wakiniletea karatasi ya msiba, niisome vipi?”

Nilikwambia nitakujibu. Nimekaa na swali lako siku mbili. Kila jibu nililolitunga lilikuwa zuri, na kila lililo zuri nililiogopa. Leo asubuhi nikaitoa ile karatasi ya kwanza, niliyoibakiza kitabuni mwangu tangu siku ile, nikaenda kwa Zena.

Alikuwa anapepeta. Alipoiona mikononi mwangu akacheka, “Kaandika tena?”

“Hii ni ile ya kwanza,” nikasema. “Nilikusomea uongo. Kaa, nikusomee ilivyo.”

Akakaa. Nikasoma. Sikubadilisha sauti, sikupumzika mahali pa kupumzika. Nilipomaliza akasema nisome tena. Nikasoma. Akaniuliza jina lake liko wapi hapo, nikamwonyesha, akaliwekea kidole.

“Na zile nyingine tatu?”

“Niliandika mimi.”

“Zote?”

“Zote.”

“Ile ya harufu ya wali?”

“Hiyo pia.”

Kidole chake kilikuwa bado pale pale. Kisha akasema, “Basi leo nimefiwa na waume wawili.”

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, naye hakunitazama. Akajifunika, akatoka kwenda kwa mwalimu aliyeshika chuo baada ya babu yako, nami nikamfuata nyuma kama mbwa. Mwalimu alisikiliza yote. Alinitazama mara moja tu, na hiyo mara moja ilitosha. Akamwambia Zena kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama mke hakupata habari. Yake ilikwisha zamani. Hadaiwi kitu. Anaweza kuolewa hata kesho akitaka, na hitima itasomwa Ijumaa hii.

Nilipumua, nakiri. Nilidhani kitabu cha dini kimeniokoa.

Zena akasema, “Mwalimu, hiyo eda iliyopita ilinipita juu ya kichwa. Siku zile mimi nilikuwa nampepetea mume wangu mchele. Sijaikaa. Nitaikaa.”

“Si lazima kwako, binti yangu.”

“Najua si lazima.”

Mwalimu akainamisha kichwa, akasema mtu kukaa nyumbani kwake akimwombea maiti wake si dhambi. Wakaachana hapo. Zena alipofika mlangoni kwake alitoa pete, akavua ushanga, akanipa ile kanga yake ya rangi nimpelekee shangazi yako, kwa kuwa hataihitaji. Nikataka kuingia naye. Akaniwekea mkono kifuani.

Hilo ndilo jibu la swali lako, mwanangu, nami sina la kulipamba. Hadithi ukizisoma, fufua umtakaye kichwani mwako, mtungie bibi wa langoni watoto kumi. Ile ni raha yetu na haimdhuru mtu. Lakini mtu akikuletea karatasi yake, kilichomo ni chake. Msiba ni mali yake kama nyumba yake ilivyo mali yake. Mimi nilimhurumia Zena, nami sikudanganyi hapa, nilimhurumia kweli, na kwa huruma ile nikamwibia karibu miaka miwili.

Kwa hiyo kesho tutakapokuwa kivukoni usimtafute. Hatatoka. Najua ulitaka akushike mkono wakati wa kupanda mtumbwi, na najua umepanga kumlilia yeye kuliko mimi, si kitu. Hana hasira nawe. Pita nje ya dirisha lake asubuhi, useme jina lako, ungoje kidogo. Akikujibu, vizuri. Asipokujibu, jua kuwa amekusikia.

Nilipokuwa nageuka kuondoka pale mlangoni aliniita. Sikutarajia. Alisema kwa ndani, mlango umeshafungwa nusu, “Mwambie Mwanaidi akifika aniandikie.”

Nikamuuliza, nikiogopa, “Utamwita nani akusomee?”

“Yupo mwanamke gani mwingine anayejua kusoma?” akasema. “Utanisomea wewe.” Akafunga.

Basi mwanangu, uandike. Na uandike kweli. Mumeo akiwa mwema, sema ni mwema. Ukilia, andika kuwa unalia. Chole ikikushinda, andika imenishinda, usinionee haya wala usimwonee huruma. Nitakaa nje ya mlango wake nimsomee kila neno, hata lile litakalonichoma mimi.

Mama yako